"Udhibiti wa Matoleo": Istilahi Inayoficha Dhana

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazowafikia wafasiri wetu, "udhibiti wa matoleo" yastahili kuchunguzwa upya. Hutumika kutaja utaratibu wa kuhifadhi kila badiliko linalofanywa katika maandishi ya programu: nani amebadili nini, na lini. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ni mfano unaofahamika sana. Utaratibu huo sasa huunganishwa na zana za kuundia kanzidata, na hapo ndipo udhaifu wa istilahi hii unapodhihirika.

Kasoro ya kwanza imo katika neno "udhibiti". Kwa mtumishi wa serikali, kudhibiti aghalabu ni kuzuia. Utaratibu huu haukusudiwi kuzuia badiliko, bali kulinda kilichotangulia kisipotee.

Kasoro ya pili imo katika "toleo", yaani kitu kilichokamilika na kutolewa kwa watu. Wanasheria wetu wameitunza vema tofauti hii: Sheria za Tanzania zilikuwa na Toleo la mwaka 2002, na zilikuwa na marekebisho yaliyopitishwa moja moja baada yake. Ikiwa kila badiliko dogo ni toleo, mwalimu atakiitaje kile kinachokabidhiwa watumiaji hatimaye?

Kasoro ya tatu ndiyo yenye madhara zaidi. Tunaposema "matoleo ya kanzidata", haieleweki kama tunakusudia muundo wa majedwali au taarifa zilizomo. Tuchukue mfano wa jedwali la kata za Mkoa wa Kagera. Mwaka 2012 Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe. Kihanga ilibaki Karagwe. Nkwenda na Murongo zikawa za Kyerwa. Karani akifuta "Karagwe" katika mstari wa Nkwenda na kuandika "Kyerwa", amebadili taarifa. Fundi akiongeza safuwima ya tarehe, ili kata moja iweze kuwa na wilaya mbili kwa nyakati mbili, amebadili muundo. Kwa kawaida kinachotunzwa katika Git ni maandishi ya amri za fundi. Alichofuta karani hakimo humo. Ofisa anayesoma mwongozo kwamba kanzidata yake ina "udhibiti wa matoleo" atadhani vyote viwili vimehifadhiwa, naye hataona haja ya nakala ya akiba. Hapo ripoti ya mwaka 2011, ikichapwa upya, itaiweka Nkwenda katika wilaya ambayo haikuwapo bado, wakati Kihanga itasomeka sawasawa, na kosa halitagunduliwa upesi.

Kwa hiyo twapendekeza "utunzaji wa marekebisho" kwa utaratibu wenyewe, "rekebisho" kwa kila badiliko moja, na "toleo" libakie kwa kile kinachotolewa rasmi. Yawezekana kupinga kwamba kurekebisha ni kusahihisha, na si kila badiliko husahihisha kosa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini matumizi ya kisheria yamekwisha kulipanua neno hili, na watumishi wamelizoea.

Hata hivyo, istilahi mpya pekee haitoshi. Mfasiri hana budi kuongeza "ya muundo" au "ya taarifa" kila mahali panapohusika, hata kama lugha anayoifasiri imenyamaza. Msomaji wa wilayani ana haki ya kujua ni kipi kilichotunzwa.