KAHAWA YA KARAGWE NA MISHIPA YA BRAZILI: UHAKIKI

Kitabu cha Eduardo Galeano wa Uruguay, *Las venas abiertas de América Latina*, kilichotolewa mwaka 1971, kinastahili kusomwa na kila kada anayefanya kazi kati ya wakulima wa kahawa wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa. Kinazungumzia bara la mbali. Lakini bei ya gunia pale Kayanga au Nkwenda huamuliwa pia na hali ya hewa ya Brazili, nchi inayotoa karibu theluthi moja ya kahawa yote ya dunia. Baridi ya barafu ilipounguza mibuni ya Paraná Julai 1975, bei ilipanda duniani kote. Mkulima wetu hakuileta bei hiyo, wala hakuwa na uwezo wa kuizuia isishuke.

Nguvu ya kitabu hiki ni kuonyesha kwamba bei si majaliwa. Kati ya 1931 na 1944 Brazili iliteketeza magunia yapatayo milioni 78 ili kuinua bei, na jasho la waliochuma likaenda na moshi. Tena, ilipoanza kuuza nje kahawa ya unga inayoyeyuka majini, Marekani iliibana mpaka ikatoza kodi bidhaa ya viwanda vyake yenyewe. Maana yake ni wazi: beberu anataka mbegu, hataki kiwanda. Sisi tulio na kiwanda cha TANICA pale Bukoba hatuna budi kulielewa somo hilo.

Hata hivyo kitabu kina mapungufu mawili. La kwanza, kinazitazama nchi zinazozalisha kama mnyonywaji mmoja. Historia imeonyesha vingine. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa 1962 uligawa viwango vya kuuza, na viwango hivyo vilisaidia kushikilia bei. Vilivunjika Julai 1989, na bei ikaanguka karibu nusu. Mabeberu walikuwa na mkono katika jambo hilo, lakini Brazili nayo ilikataa kupunguziwa mgawo wake. Galeano hakuweza kuyaona hayo mwaka 1971. Kosa ni letu tukiendelea kufundisha kana kwamba hayakutokea. Umoja wa wanyonge haujengwi kwa kulia pamoja. Hujengwa kwa kupatana nani atauza kiasi gani.

Pungufu la pili ni zito zaidi. Macho ya mwandishi yako bandarini, damu inakotokea. Hayakai vya kutosha kijijini, inakoanzia kutoka. Kwetu inaanzia kwenye butura. Mkulima mwenye mgonjwa au mtoto anayedaiwa ada anauza kahawa ingali ua, kwa bei anayoitaja mlanguzi. Mavuno yakifika, yeye anachuma mali ya mwingine. Bei ya robusta ilipovuka dola 5,000 kwa tani katika soko la London Septemba 2024, kahawa iliyouzwa ikiwa ua haikumletea mwenye shamba hata senti ya nyongeza. Mnyonyaji huyu hatoki London. Ni jirani, na pengine hukaa mstari wa mbele mkutanoni.

Wala tusimlaumu mkulima. Hukimbilia butura kwa sababu malipo ya ushirika yakichelewa, na makato yakiwa mengi, mlanguzi ndiye mwenye fedha mkononi. Ndiyo sababu pia kahawa huvushwa usiku Mto Kagera kwenda Uganda. Kupiga marufuku butura bila kumpa mkulima njia nyingine ya kupata fedha ni hotuba tu.

Kwa hiyo kitabu kisomwe, lakini kisomwe pamoja na daftari la chama cha msingi. Kada akishaeleza habari za Brazili, aulize: uzito uliopimwa ni upi, makato ni ya nini, fedha zimelipwa lini, na nani ameweka kahawa yake rehani kabla haijakomaa? Chama cha msingi kisichokuwa na mfuko mdogo wa kukopesha wanachama kabla ya mavuno kimemwachia mlanguzi kazi hiyo. Nadharia isiyofika kwenye daftari hilo haijafika Karagwe.