Kipimo cha Filamu ya Kutisha

Wapo wanaodhani kwamba filamu huwa ya kutisha kwa sababu ina maiti, damu na giza. Kipimo hicho hakitoshi. Filamu za vita zina maiti wengi zaidi, lakini hatuziweki katika fungu hilo. Swali la msingi ni hili: hofu inatoka wapi, na ni hofu ya nani?

Tuchukue filamu mbili za Marekani zinazohusu misukule. Ya kwanza ni White Zombie ya Victor Halperin, ya mwaka 1932. Hadithi yake iko Haiti, nchi iliyokaliwa na majeshi ya Marekani tangu 1915 hadi 1934, na ambayo wakulima wake walisombwa kwa nguvu kujenga barabara. Katika kiwanda cha sukari, misukule wanazungusha kinu. Mmoja anatumbukia ndani. Wenzake hawageuki hata kutazama, na kazi inaendelea. Hapo ndipo filamu inapotisha kweli, maana hata kwetu husimuliwa kuwa msukule huchukuliwa ili akamlimie mchawi. Lakini kwa watengenezaji wake, la kutisha ni bibi harusi wa Kizungu kugeuzwa msukule. Mchawi anakufa, bibi harusi anazinduka, mtazamaji anatulia. Wavujajasho wa kinuni hakuna anayewaulizia.

Ya pili ni Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Ben, Mwamerika Mweusi anayeigizwa na Duane Jones, anapambana na wafu usiku kucha. Asubuhi raia wenye bunduki wanafika kusafisha eneo. Wanamwona dirishani, wanampiga risasi, kisha wanamchoma moto pamoja na wafu. Romero alieleza kuwa Jones alichaguliwa kwa uhodari wake tu. Hata hivyo, Aprili mwaka huo Martin Luther King alikuwa ameuawa, na maana ya mwisho ule haikuhitaji mkalimani.

Ni dhahiri basi kwamba zimwi si kipimo. Filamu huwa ya kutisha pale inapobomoa imani ya mtazamaji kwamba upo utaratibu unaomlinda. Ikiisha kwa kumrudishia imani hiyo nzima nzima, imemtikisa kidogo tu na kumlaza tena.

Kwa hiyo anayehakiki filamu hizi asiishie kuhesabu mizuka. Aulize: zimwi likishakufa, ni nani ambaye bado hayuko salama?