Mkeka wa Rhinoceros: jinsi The AIDS Show ilivyoshonwa

Mkeka hausukwi mzima. Msukaji husuka ukili kwanza, kisha huzishona kili pamoja, na ukili mmoja ukilika hufumuliwa huo tu ukatiwa mwingine. Nimekumbuka mkeka kwa sababu ya kijana mmoja aliyepata nafasi ya uanagenzi katika kikundi cha maigizo cha ng'ambo, kikundi kisichofanya biashara ya faida, kinachohudumia wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia. Aliniuliza asome tamthilia gani kabla ya kuondoka. Nikamwambia tamthilia zitamngoja, kwanza achunguze ushonaji wa onyesho moja la San Francisco la mwaka 1984.

Kikundi kilichotoa onyesho hilo ni Theatre Rhinoceros, kilichoanzishwa na Allan Estes mwaka 1977. Jina ni la kifaru, mnyama ambaye wanaharakati wa Boston walikwisha kumfanya nembo: mpole akiachwa, hatari akichokozwa. (Sisi tulio na vifaru kwetu tungekuwa na la kusema kuhusu huo upole.) Onyesho la kwanza, The West Street Gang ya Doric Wilson, lilichezwa ndani ya baa. Mwaka 1981 wakahamia jengo la Redstone katika 16th Street, lililojengwa mwaka 1914 kuwa makao ya vyama vya wafanyakazi. Mgomo mkuu wa San Francisco wa 1934 ulipangwa humo. Estes alifariki kwa UKIMWI mwaka 1984. Septemba ya mwaka huohuo, The AIDS Show ikafunguliwa.

Mtazame sasa fundi na tatizo lake. Kipimo cha virusi kilikuwa hakijaidhinishwa. Kiliidhinishwa Marekani Machi 1985. AZT, dawa ya kwanza, ilikuja 1987. Habari za ugonjwa zilibadilika kila baada ya wiki chache, na mwandishi aliyeandika jambo Juni angeweza kuonekana mshamba ifikapo Septemba. Baya zaidi, yeyote kati ya wanaocheza angeweza kuugua. Tamthilia ya kawaida, yenye shujaa mmoja anayebeba hadithi tangu pazia la kwanza hadi la mwisho, haivumilii hali hiyo. Shujaa akilazwa hospitali, ukumbi unafungwa.

Leland Moss na Doug Holsclaw, walioliongoza onyesho, walilipita tatizo hilo kwa kukataa shujaa. Wasanii 20 hivi walileta vipande: mazungumzo mafupi, mtu anayesema peke yake, nyimbo, vichekesho. Kila kipande kilisimama kwa miguu yake. Cha jana kikipitwa na wakati, kinatolewa, na vya jirani havitikisiki.

Lakini kili zisizoshonwa ni rundo la kili. Uzi wao ulikuwa tafrija inayorudi: watu wanakutana mwaka 1982, kisha 1983, kisha 1984. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Tarehe peke yake inafanya kazi ambayo mwandishi mwingine angeipa kurasa kumi. Mtazamaji anaposikia mwaka umesogea, anatazama nani yupo, anasikiliza mizaha imekuwaje, na hesabu anaipiga mwenyewe kimoyomoyo. Hakuna anayemtangazia kwamba hofu imeingia nyumbani. Wala haihitajiki seti ya gharama, kwani tafrija hujengwa kwa viti, glasi na watu waliosimama karibu mno au mbali kidogo.

Ubora wa vipande, bila shaka, haukulingana. Mwaka 1985 New York ilifungua As Is ya William Hoffman na The Normal Heart ya Larry Kramer. Kama fasihi ya kusomwa kitabuni, hizo mbili zina uti wa mgongo ambao The AIDS Show haikuutafuta. Ila zilikuja baadaye, na katika janga miezi ni mingi.

Kijana wangu anaingia wapi? Kwenye mishono. Onyesho la vipande huharibikia kati ya kipande na kipande: sekunde chache za giza ambamo viti vinne vinatoka, kitanda kinaingia, na mwigizaji anabadili shati. Mwanagenzi ndiye anayepiga magoti mchana kubandika utepe unaong'aa gizani pale miguu ya kitanda itakapokaa. Usiku anakaa pembeni, kipokea sauti sikioni, akimsikia meneja wa jukwaa akiyaita mabadiliko ya taa kwa namba zake: "Tayari, taa 31." Kimya. "Taa 31, washa." Kitabu cha meneja huandikwa kwa penseli, kalamu ya wino haikaribishwi, kwa kuwa kesho kipande kinaweza kuhama. Na kipya kikiingia kati ya taa 31 na taa 32, hakuna anayeandika upya namba zote: inazaliwa taa 31.5. Aliyebuni desimali hiyo alikuwa na akili ya msuka mikeka.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi. Kikundi cha aina hii Marekani hakigawani faida, mfadhili anaweza kupunguziwa kodi kwa alichochanga, na sheria inaruhusu mtu kujitolea humo bila mshahara. Kwa hiyo uliza mapema: nauli ni ya nani, chakula cha mchana ni cha nani. Moyo wa kupenda sanaa haulipi kodi ya chumba San Francisco.

Onyesho lenyewe lilithibitisha ufundi wake. Mwaka 1985 kili kadhaa zilifumuliwa, mpya zikatiwa, na mkeka ukarudi jukwaani kwa jina la Unfinished Business. Mwaka 1986 Peter Adair na Rob Epstein wakatoa filamu juu yake. Itafute, kijana, uitazame mara mbili: mara ya kwanza kwa ajili ya watu waliomo, maana Moss alifariki mwaka 1990, na mara ya pili kwa ajili ya mishono. Nenda na penseli.