Mpenzi wa Bendi Nne

Ukimwambia mtu unaipenda Ikhwani Safaa ya Unguja, atakuitikia kwa heshima. Ongeza Mlimani Park, Wana Sikinde, naye atatabasamu: kumbe mwenzetu wa zamani. Taja Jagwa Music ya Mwananyamala uone anavyokutazama upya. Ukimalizia na Black Sabbath ya Birmingham, Uingereza, basi mazungumzo yamekwisha. Ameshaamua kwamba wewe hupendi muziki, unapenda kelele. Mimi ni mpenzi wa zote nne, tena bila zamu. Majina kama taarabu, dansi, mchiriku na roki yanamfaa sana muuza kanda anayepanga rafu zake. Mimi huanza kwa kuuliza nani anapiga nini, na nani anamwachia nani nafasi. Hapo ndipo undugu usiotarajiwa unapojitokeza.

Chukua bashraf, ule utungo usio na maneno unaofungua shughuli ya taarabu. Ikhwani Safaa, klabu ya mtaa wa Malindi, Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905, huwaketisha wapiga fidla pamoja, kisha akordioni, udi, na kanuni yenye nyuzi zaidi ya 70. Umati wote huo wa vyombo hupiga wimbo mmoja uleule. Hakuna anayekwenda kutafuta njia yake. Sikio la haraka litasema ni uvivu wa kupanga muziki, lakini tulia kidogo. Fidla inateleza mpaka kuifikia sauti, udi unaigonga na kuiachia, kanuni inaitetemesha hadi inayeyuka. Kila chombo kinasema neno lilelile kwa lahaja yake. Mpigaji mmoja akijitia umahiri akazidisha manjonjo, bashraf nzima inalegea, na wazee waliokaa mbele wanamjua kabla hajamaliza.

Sasa weka albamu ya kwanza ya Black Sabbath, ya mwaka 1970. Tony Iommi yuko kwenye gita, Geezer Butler kwenye besi, na mara nyingi wawili hao wanakanyaga mstari mmoja, hatua kwa hatua, mmoja juu na mwingine chini. Uzito ule ambao watu hudhani ni wa spika unatokana zaidi na makubaliano yao. Kwa jambo hilo Birmingham na Malindi wako karibu kuliko Malindi na dansi la Dar es Salaam.

Na kuna habari ya vidole. Mpiga kanuni huvaa pete za kushikilia vipande vya kudonolea nyuzi, na hiyo ni mila ya chombo. Iommi alivaa vifuniko kwa kulazimika: akiwa na miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono anaobania nyuzi. Aliyeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akajitengenezea ncha mpya, akatafuta nyuzi nyepesi. Baadaye, katika albamu ya mwaka 1971, alizilegeza nyuzi zenyewe, gita likashuka sauti, na wapiga roki wengi tangu hapo wamemfuata huko chini ingawa vidole vyao ni vizima.

Sikinde, dansi la Dar es Salaam, ni kinyume cha makubaliano hayo ya mstari mmoja. Bendi ilizaliwa mwaka 1978, mtindo wake ukachukua jina la ngoma ya Wazaramo. Humo magita hayakubaliani kusema neno moja hata kidogo. Solo linapanda, solo la pili linalijibu kutoka pembeni, rithimu linashona katikati, besi inaruka pale ambapo wenzake wamenyamaza. Kila fungu ukilisikiliza peke yake ni dogo, karibu la kitoto. Hata sauti za Muhiddin Gurumo na Hassan Bitchuka zilipokezana kwa mpango huo: nzito ya kwanza, nyororo na ya juu ya pili. Wimbo ukiingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu, ndipo hesabu zote zinapolipa. Nikipewa nafasi ya kukaa popote ukumbini, nitakaa karibu na rithimu, yule asiyepigiwa makofi.

Jagwa wanacheza na uchache. Kinanda kidogo cha Casio, ngoma, fimbo juu ya kigoda, na spika za tarumbeta zinazokwaruza. Mkwaruzo ule si kasoro ya kurekebishwa. Ni sehemu ya sauti, kama vile gita la Iommi lisivyotaka kusafishwa. Mtu mwenye vyombo safi anaweza kupiga noti zilezile na asipate mchiriku.

Bashraf iliyopigwa kwa kinanda cha Mwananyamala sijaisikia bado. Kiingilio ningelipa, na wazee wa mbele ningewalipia pia.