Kezilahabi na Misukosuko ya Mtunzi wa Riwaya

Ni desturi ya wahakiki kuigawa kazi ya Euphrase Kezilahabi katika vipindi viwili: kile cha riwaya za kihalisia, kuanzia Rosa Mistika (1971) hadi Gamba la Nyoka (1979), na kile cha Nagona (1990) na Mzingile (1991). Kwa upande wa fani mgawanyo huo una mashiko. Kwa upande wa maisha ya mtunzi unaficha jambo moja kubwa, yaani miaka 11 isiyo na riwaya baina ya vipindi hivyo, na kimya kirefu zaidi kilichofuata hadi kifo chake Januari 2020.

Rosa Mistika ilipendwa na wasomaji, lakini ikapigwa marufuku shuleni. Aghalabu sababu hutafutwa katika mambo ya unyumba na utoaji mimba yasimuliwayo humo. Pengine ingefaa itafutwe pia kwa Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana. Riwaya inamtia hatiani mzazi kabla ya kumhukumu mtoto, na katika jamii inayomtaka mtunzi awe mlezi msaidizi, hilo ni kosa zito kuliko uchi. Kwa mtunzi wa Kiswahili shule ndiyo soko la uhakika. Kufungiwa mlango huo ni kunyimwa mnunuzi. Baadaye marufuku iliondolewa, riwaya ikatahiniwa Tanzania na hata Kenya. Hapo ndipo ilipopatwa na msiba wa pili, usiotajwa sana. Katika maswali ya mtihani Rosa aligeuzwa funzo kwa wasichana, naye Zakaria akasamehewa kimyakimya. Kitabu kilipanda, maana yake ikashuka.

Kichwamaji (1974) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975) zilifuata upesi. Mwendo wa zote tatu haupishani sana: mhusika anapata elimu au mali, anapoteza mwelekeo, anakufa. Rosa na Kazimoto wanajiua. Tumaini, aliyechuma mali kisha akaiona ikichukuliwa na Azimio la Arusha, anaua na kunyongwa. Wahakiki wameuita mwelekeo huu udhanaishi, wakati mwingine kwa haraka mno, kana kwamba Ukerewe haikuwa na huzuni yake yenyewe kabla ya Camus kusomwa Dar es Salaam.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Shirika lililochapisha Rosa Mistika, East African Literature Bureau, lilikuwa la Jumuiya hiyo. Uhaba wa karatasi wa miaka ya 1980 ulizidisha dhiki. Kuueleza ukimya wa mtunzi kwa falsafa pekee, bila kuitazama mitambo ya uchapaji, ni uhakiki wa nusu.

Falsafa nayo ilikuwapo. Tasnifu yake ya uzamifu, iliyokamilishwa Wisconsin mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, na Nagona haisomeki vyema bila kuikumbuka. Katika riwaya hiyo ngazi ya kupanda na kuanguka imeondolewa. Msimulizi anazunguka, wakati haumfikishi popote, na mwalimu anayetafuta orodha ya dhamira za kuandika ubaoni anatoka mikono mitupu. Wapo waliolalamika kwamba mtunzi amewatoroka wasomaji. Lalamiko hilo lina ukweli, ila halisemi aliowatoroka ni nani. Baada ya yaliyoipata Rosa Mistika, riwaya isiyoweza kufupishwa kuwa funzo ilikuwa ndiyo kinga iliyobaki. Gharama yake ilikuwa kupoteza wale wasomaji wa kawaida waliomlilia Rosa bila kulazimishwa na mtihani, na Mzingile haikuwarudisha.

Baadaye Kezilahabi alihamia Botswana kufundisha. Ushairi haukumtupa: Dhifa ilitoka mwaka 2008. Riwaya ya saba hakuichapisha.