Heko kwa Mafundi wa Lee-Enfield

Bunduki ya Lee-Enfield, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1895 na baadaye kubebwa pia na askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, ingali inalenga shabaha hadi leo. Wanaostahili sifa kwa hilo ni mafundi bunduki. Kabla haijapigwa, fundi huhakikisha haina risasi ndani, huchungulia mtutu kutafuta kutu na nyufa, kisha hupima kwa geji nafasi iliyopo kati ya komeo na kitako cha risasi. Ikizidi, ganda laweza kupasuka na kumwumiza mpigaji. Fataki za risasi za zamani huacha chumvi inayovuta unyevu, na mafuta peke yake hayaiondoi. Ndiyo maana mtutu huoshwa kwa maji, hukaushwa vizuri, ndipo hupakwa mafuta.

Wapo wasemao silaha kuukuu ifungiwe makumbusho. Hofu yao ina msingi, kwani chuma hakitangazi siku kitakayochoka. Lakini askari wa akiba wa Kanada, Canadian Rangers, kikosi kilichoundwa mwaka 1947, waliitegemea Lee-Enfield katika baridi kali ya kaskazini hadi karne hii. Umri, basi, si hatari yenyewe. Hatari ni kutokaguliwa. Fundi anayethubutu kumwambia mwenye bunduki kwamba hii isipigwe tena analinda maisha na historia kwa pamoja. Apewe heshima yake.