Kiungo cha Feni: Hewa Inavyofika Chini ya Ardhi Masisi na Walikale

Habari za madini ya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, huandikwa kutoka juu ya ardhi. Tunasoma nani kashika Rubaya, nani kakimbia Walikale, kodi inalipwa kwa nani na magunia yamevuka mpaka upi. Mchimbaji aliye mita arobaini ndani ya mlima ana swali lake la kwanza, nalo ni jingine kabisa: hewa inafika? Wengi hudhani jibu ni ukubwa wa feni. Mimi nadai kwamba mara nyingi jibu liko kwenye kipande cha mabati kisichofika mita moja, kile kinachounganisha mdomo wa feni na bomba la hewa.

Tuanze Bisie, kilima kilicho katikati ya msitu wa Walikale, kama kilomita 180 kaskazini-magharibi mwa Goma. Kasiteriti, mawe yanayotoa bati, ilianza kuchimbwa pale mwanzoni mwa miaka ya 2000, na haukupita muda maelfu ya watu wakawa wamehamia. Hapakuwa na barabara. Mawe yalibebwa mgongoni kupitia msituni hadi Ndjingala, kisha yakapakiwa kwenye ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya lami kule Kilambo na kupelekwa Goma. Kila kilichoingia kilipita njia ileile, mgongoni: mchele, bia, nyundo, patasi, mafuta, pampu ya maji.

Jambo hilo la usafiri ndilo linaloeleza vizuri hewa ya Bisie ya zamani kuliko maelezo mengine yote. Feni kubwa haibebeki mgongoni. Bomba gumu la chuma lenye upana wa nusu mita halipiti kwenye njia ya matope. Kwa hiyo mahandaki yaliyochimbwa kwa mkono yalitegemea hewa inayojiendesha yenyewe, na hewa ya namna hiyo ina tabia zake. Usiku, hewa ya nje ikiwa baridi kuliko mwamba, huwa nzito. Hushuka shimoni na kuisukuma juu ile iliyochoka. Mchana jua likiwaka, ya nje huwa nyepesi na ile baridi hubaki imelala chini bila kusogea. Shimo la wima lenye mdomo mmoja hupumua usiku na kuziba mchana, saa zilezile ambazo wachimbaji wengi wamo ndani. Ukitoboa mdomo wa pili, ulio juu au chini zaidi ya wa kwanza, hali hubadilika, maana hewa hupata pa kuingilia na pa kutokea. Mbinu hiyo haihitaji mota wala mafuta, na ningeshauri shimo lolote lianze nayo.

Mwezi Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Amri iliondolewa Machi 2011. Baadaye kampuni ya Alphamin ilifungua barabara hadi Bisie, ikajenga mgodi wa chini ya ardhi wa Mpama North, na uzalishaji ukaanza mwaka 2019. Mpama South ukafuata mwaka 2024, na mwaka huo pekee mgodi ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Barabara ilileta mashine, na mashine zikaleta hesabu mpya ya hewa.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika migodi ya magari ya dizeli, kanuni za nchi nyingi hudai mita za ujazo 0.05 hadi 0.06 za hewa kwa sekunde kwa kila kilowati ya injini. Gari la kuzoa mawe lenye kilowati 150 linahitaji basi mita za ujazo 7.5 hadi 9 kwa sekunde, peke yake, kabla hujamhesabu mtu hata mmoja. Hewa ya kiasi hicho huvutwa na feni kuu: inaingia kwa mlango mmoja wa mgodi na kutokea kwa mwingine. Ila handaki linaloendelea kuchimbwa halina mlango wa pili. Ni uchochoro uliofungwa, na hewa kuu hupita mbele yake bila kuingia. Hapo ndipo inapowekwa feni ya pembeni pamoja na bomba refu, mara nyingi la turubai zito, linaloipeleka hewa hadi pale mwamba unapovunjwa.

Mdomo wa feni na mdomo wa bomba ni mara chache sana kulingana. Feni ina milimita 400, bomba lina 600. Au mashine ina mdomo wa mraba na bomba ni la duara. Mafundi wa viyoyozi vya juu ya paa, katika maduka makubwa ya Nairobi au Kampala, wanaijua shida hiyo vizuri: kuna visanduku vinavyotoa hewa kwa chini ilhali jengo linataka itoke ubavuni, basi unaziba tundu moja, unafungua jingine, unavalisha kipande cha kubadilishia. Kazi ni ileile. Tofauti ni kwamba kiyoyozi kilichofungwa vibaya kinamchosha mteja kwa joto, na feni ya shimoni iliyofungwa vibaya inaua.

Chukua shimo la watu ishirini. Kwa kipimo kinachotumika nchini Chile, mita 3 za ujazo kwa dakika kwa kila mtu, wanahitaji mita 1 ya ujazo kwa sekunde. Pitisha hewa hiyo katika bomba la milimita 300, urefu wa mita 50, na msuguano peke yake utadai shinikizo la paskali 320 hivi. Badilisha bomba liwe la milimita 600: paskali 10. Upana umeongezeka mara mbili, msuguano umepungua mara thelathini na mbili. Ndiyo maana mtu anayeongeza nguvu ya feni huku akibakiza bomba jembamba anachoma mafuta bure.

Sasa tazama kiungo. Hewa ikitoka ghafla kwenye mdomo wa milimita 400 na kuingia bomba la 600, bila kipande cha kuipanua taratibu, inajipindapinda na kupoteza paskali 10 hivi. Yaani hatua hiyo moja, ambayo fundi ameifunga kwa waya na kipande cha gunia, inakula karibu sawa na mita zote 50 za bomba. Dawa yake ni koni ya mabati inayopanuka kwa pembe isiyozidi nyuzi 15 kwa jumla. Kwa vipimo hivi inahitaji urefu wa sentimita 76. Fundi wa mabati wa Sake au Goma anaweza kuikata na kuikunja karakanani, ilimradi aletewe vipimo sahihi.

Ufungaji una mpangilio wake, na mpangilio huo umeandikwa na ajali. Umeme hukatwa kwanza, kufuli huwekwa kwenye swichi kuu, na ufunguo hukaa mfukoni mwa anayefanya kazi, haukai ofisini. Feni hubebwa na minyororo au fremu yake yenyewe; isininginizwe kamwe kwenye bomba. Kati ya feni na koni huwekwa pete ya turubai ili mtikisiko usilegeze boliti. Kila flenji hupewa gasketi, na boliti hukazwa kwa kupishana, ya upande huu kisha ya upande wa pili, ili mdomo usikae upande. Waya wa ardhi usisahaulike, wala wavu wa mbele ya panga, maana feni inayovuta haichagui: itavuta jani, itavuta shati, itavuta mkono.

Mwelekeo wa mzunguko nao uangaliwe. Nyaya mbili za umeme wa fezi tatu zikibadilishana nafasi, feni ya panga inayopuliza moja kwa moja mbele hugeuka na kuanza kufyonza. Bomba la turubai litanywea papo hapo, na fundi ataona. Feni ya aina ya konokono ni mdanganyifu zaidi. Hata ikizunguka kinyume, inaendelea kupuliza upande uleule ila kwa unyonge, na mtu akiweka kiganja mdomoni ataridhika kwamba hewa inatoka. Kiganja si kipimo. Kinachotakiwa ni kupima kasi ya hewa karibu na feni na tena mwisho wa bomba. Bomba likiwa na upana uleule, tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo hewa inayovuja njiani, na uvujaji mwingi utaukuta kwenye viungo.

Mwisho wa bomba una sheria yake. Hewa iliyopulizwa hufika mbali kiasi tu kabla ya kufifia. Katika handaki dogo lenye ukubwa wa kama mita mbili za mraba, bomba lisiachwe nyuma ya mwamba kwa zaidi ya mita 6 au 7. Wachimbaji wanasonga mbele kila siku; bomba lisiposogea nao, mwisho wa wiki wanafanya kazi nje ya hewa.

Tuje Masisi. Rubaya, ambako inakadiriwa hutoka asilimia 15 hivi ya koltani ya dunia, ni mahali pa uchimbaji wa mikono. Waasi wa M23 waliishika mwishoni mwa Aprili 2024. Huko kuna milima, na mwinuko ukikaribia mita 2,000, uzito wa hewa hupungua hadi kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Jenereta ya kawaida hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Feni iliyouzwa na kipimo cha usawa wa bahari haitafanya kazi ya usawa wa bahari. PDG wa shimo, yaani bosi wake, anayenunua mashine Goma aulize jambo hilo kabla hajalipa.

Hatari kubwa kuliko zote za hewa, hata hivyo, haitoki mlimani. Inatoka kwenye injini ya petroli. Jenereta ikiwekwa mdomoni mwa shimo karibu na feni, feni itauvuta moshi wake na kuupeleka moja kwa moja kwa watu. Motopompe, yaani pampu ya injini, ikishushwa ndani kukausha maji ni mbaya zaidi. Gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu, haina rangi, na uzito wake unakaribia ule wa hewa, kwa hiyo hailali chini wala haipandi juu, inachanganyika. Mshumaa hauionyeshi. Mshumaa utaendelea kuwaka vizuri kabisa mahali ambapo mtu anakufa, kwa sababu oksijeni bado ipo. Sehemu 1,200 za gesi hiyo katika milioni zinahesabiwa kuwa hatari ya papo kwa papo kwa uhai. Feni ikae nje, upande unakotoka upepo, mbali kidogo na mdomo. Jenereta ikae mbali zaidi, upande upepo unakoelekea. Na pampu ndani ya shimo iwe ya umeme au isiwepo.

Kanuni za madini za Kongo zinamkataza mchimbaji mdogo kupita mita 30 kwenda chini. Kila mtu Kivu anajua kwamba mashimo hupita hapo. Nadhani kikomo hicho kingeheshimiwa zaidi kama kingefungamanishwa na hewa: unaonyesha kipimo mwisho wa bomba, unaendelea, huonyeshi, unasimama. Mita za kina ni vigumu kuzikagua gizani, lakini kipimo cha hewa kinasomwa kwa dakika moja.

Tarehe 13 Machi 2025, M23 wakielekea Walikale, Alphamin ilisimamisha kazi Bisie na kubakiza wafanyakazi wachache wa ulinzi na matengenezo. Kazi ilianza kurudi Aprili. Mgodi uliosimama hauingiwi kama nyumba iliyofungwa. Feni huwashwa kwanza, tena taratibu, kwa sababu bomba la turubai lililolala likijazwa kwa kishindo hupasuka kwenye viungo. Kisha gesi hupimwa kutoka mlangoni kuelekea ndani, hatua kwa hatua, na anayepima hatangulii hewa safi. Shimo la watu ishirini lililofungwa wiki mbili kwa sababu ya risasi lina hewa mbaya vilevile, na halina mpimaji.

Viongozi wa kooperativa na maofisa wa SAEMAPE, idara ya serikali inayowasaidia wachimbaji wadogo, kabla ya kununua feni ya pili, nunueni kipima-gesi kimoja kwa kila mlima, na mpelekeeni fundi wa mabati vipimo vya koni.